Kupima mtetemo na mshtuko wa mashine: mwongozo kamili, kuanzia kihisi hadi spektra

Mashine nitakayoitumia katika mwongozo huu ni mota ya kilowati 22 inayozungusha pampu ya maji. Nimeichagua kwa sababu aina yake iko karibu kila mahali: kwenye miradi ya maji ya miji midogo, viwanda vya vinywaji, mashamba ya umwagiliaji. Ni mota ya poli nne, inatumia umeme wa 50 Hz kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, na kibao chake kinaonyesha mizunguko 1,470 kwa dakika. Ukigawa kwa 60 unapata mizunguko 24.5 kwa sekunde, yaani 24.5 Hz. Iandike namba hiyo juu kabisa ya daftari lako, maana karibu kila utakachokiona baadaye utakisoma kwa kukilinganisha nayo.

Niseme mapema jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Kipimo huharibikia pale kihisi kinapogusana na chuma, na pale mawimbi yanapogeuzwa kuwa namba. Kikishaharibikia hapo, hakuna programu itakayokiokoa. Wapo wanaojifunza hesabu za spektra (mchoro unaoonyesha mtetemo una nguvu kiasi gani kwenye kila Hz) kwa bidii kubwa, kisha wanabandika kihisi juu ya rangi iliyobambuka. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye hatua za mwanzo, na hesabu nitazifikia zikiwa na kitu cha kweli cha kukokotoa.

Hatua ya 1: Amua unapima sura ipi ya mtetemo

Mtetemo mmoja hupimwa kwa sura tatu. Msogeo ni umbali ambao chuma kinakwenda na kurudi, nao hupimwa kwa mikromita. Kasi hupimwa kwa milimita kwa sekunde. Mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, hupimwa kwa m/s² au kwa g, ambapo g moja ni 9.81 m/s². Ukijua masafa f (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz), kasi ni msogeo mara 2πf, na mchapuko ni kasi mara 2πf tena.

Chukua kasi ya 4.5 mm/s RMS (kipeuo cha wastani wa miraba) kwenye 24.5 Hz. Msogeo wake ni mikromita 29 hivi, na mchapuko wake ni 0.07 g tu. Kasi hiyohiyo ikitokea kwenye 1,000 Hz, msogeo unashuka hadi mikromita 0.7 huku mchapuko ukipanda hadi 2.9 g. Ndiyo maana anayetazama mchapuko peke yake anaweza asiuone kabisa mtetemo mzito wa shafti, na anayetazama msogeo asione beringi inayokufa. Kwa hali ya jumla ya mota na pampu, tumia kasi kati ya 10 na 1,000 Hz. Kwa beringi na gia, tumia mchapuko kwenye masafa ya juu. Msogeo uachie mashine zinazozunguka polepole na zile kubwa zenye beringi za mafuta, ambako vihisi visivyogusa hutazama shafti yenyewe.

Hatua ya 2: Chagua kihisi

Kihisi cha kawaida viwandani ni akselerometa ya fuwele, yaani kihisi cha mchapuko, yenye kikuzaji kidogo ndani yake. Aina hii huitwa IEPE. Haiendeshwi na betri ya kawaida. Inahitaji mkondo usiobadilika wa miliampea 2 hadi 20, kutoka chanzo cha volti 18 hadi 30. Iliyozoeleka hutoa milivolti 100 kwa kila g na hubeba hadi g 50 hivi. Kwa mota yetu hiyo inatosha kabisa.

Upande wa bei nafuu kuna vihisi vya MEMS, chipu ndogo zinazounganishwa na kompyuta ndogo kama Arduino au Raspberry Pi. MPU6050 imeenea sana kwenye miradi ya wanafunzi, lakini upande wake wa mchapuko unaishia 260 Hz. Itakuonyesha shafti isiyo na mizani, ila beringi haiwezi kukuambia chochote. ADXL345 huchukua hadi sampuli (masomo ya papo kwa papo) 3,200 kwa sekunde, na hatua yake ndogo kabisa ni g 0.004 hivi. Kuna pia ADXL1002, ambayo hubeba g 50 na hufika 11 kHz. Hii inastahili kazi ya kweli mradi uwe na kibadilishi kizuri cha kupokea volti zake na kuzigeuza kuwa namba. MEMS ina faida ambayo fuwele haina: inapima hadi 0 Hz, hivyo inaihisi hata mvutano wa dunia.

Simu ya mkononi ninaishauri kwa kujifunzia tu. Sampuli zake ni mia chache kwa sekunde na haziji kwa nafasi sawa, nazo hesabu zote zinazofuata hutegemea nafasi sawa.

Hatua ya 3: Hakikisha kihisi kinasema kweli kabla hujaifikia mashine

Kwa IEPE, pima kwanza volti ya mapumziko kati ya waya na ganda. Ikiwa kati ya volti 8 na 12, hali ni njema. Ikisoma sifuri, kebo imegusana ndani. Ikisoma volti zote za chanzo, kebo imekatika au kiunganishi hakijakaa. Kipimo hiki cha sekunde chache huokoa siku nzima.

Ukiwa na kitikisa cha mkononi cha kuhakikia, kitakuwa karibu hakika cha 159.2 Hz. Masafa hayo yamechaguliwa kwa uzuri wa hesabu: hapo 2πf ni 1,000, hivyo mchapuko wa 10 m/s² ni sawa na kasi ya 10 mm/s na msogeo wa mikromita 10. Kwa kipimo kimoja unakagua kihisi, kebo, mipangilio ya kipimio na hesabu zako zote za kubadili sura. MEMS haihitaji kifaa: kilaze kihisi mezani kisome +1 g, kipindue kisome −1 g. Kisiposoma hivyo, rekebisha kabla ya kwenda popote.

Hatua ya 4: Mahali, na namna ya kukifunga

Pima kwenye nyumba ya beringi, pale nguvu za shafti zinapoingia kwenye mwili wa mashine. Usipime juu ya kifuniko cha feni wala kwenye mabati membamba. Hayo hutetemeka kwa tabia yake yenyewe. Kwenye mota na pampu kuna nyumba nne. Zipe namba kuanzia upande wa feni ya mota: 1 na 2 za mota, 3 na 4 za pampu. Kila moja ipimwe kwa mlalo, kwa wima, na kwa mwelekeo wa shafti. Namba hizo zisibadilike kamwe, maana kipimo cha leo thamani yake kubwa ni kulinganishwa na cha miezi ijayo. Zichore kwenye mwili wa mashine kwa rangi.

Sasa kufunga. Kihisi na namna kilivyoshikwa huwa kama springi yenye uzito juu yake, nayo ina resonansi yake, yaani masafa ambayo yenyewe hutetemeka kwa nguvu kupita kiasi. Kadiri mshiko unavyolegea, ndivyo resonansi inavyoshuka na kuvamia masafa unayotaka kuyapima. Bolti iliyokazwa kwenye uso uliosawazishwa vizuri hufika 10 kHz bila shida. Gundi ngumu ya aina ya supaglu, ikipakwa nyembamba juu ya chuma kisafi, huikaribia. Sumaku bapa juu ya uso laini inaaminika hadi 2 kHz hivi, na zaidi kidogo ukipaka tone la grisi katikati. Sumaku ya miguu miwili, inayokaa juu ya uso wa duara, iko chini ya hapo. Kihisi kilichoshikwa kwa mkono chenye ncha ndefu hakistahili kuaminiwa kupita 500 Hz hivi, na masomo yake hubadilika kwa kila mkono.

Kwa hiyo kwangula rangi. Futa vumbi na mafuta ya zamani. Ukitumia sumaku, usiiache ijirushe yenyewe kwenye chuma. Iegemeze kwa ukingo wake kisha ilaze taratibu, kwani mgongano wa sumaku na chuma hutoa mshtuko mkali unaoweza kuharibu kihisi. Kebo ibane kwa utepe sentimita chache kutoka kwenye kihisi isipigepige, na ipite mbali na kaplingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu. Ganda la kebo liunganishwe na ardhi upande mmoja tu. Likiunganishwa pande zote mbili, umeme wa 50 Hz utaingia kwenye kipimo na utaufikiria ni mtetemo.

Mashine inazunguka wakati huo. Kizuizi cha kaplingi kisiondolewe, mikono mirefu ya shati ikunjwe, na usiinamie shafti kwa ajili ya kipimo chochote.

Hatua ya 5: Kugeuza mawimbi kuwa namba

Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 1928 msingi wa kanuni ambayo Claude Shannon aliikamilisha mwaka 1949: ili kuyaona masafa fulani, chukua sampuli zaidi ya mara mbili yake. Wengi wanaijua nusu hiyo. Nusu ya pili ndiyo inayoangusha watu. Masafa yaliyo juu ya nusu ya kiwango chako cha sampuli hayapotei. Yanajikunja na kutokea mahali pengine yakiwa na sura ya masafa halali.

Tuseme unachukua sampuli 1,000 kwa sekunde, na kwenye mashine kuna mtetemo wa 975.5 Hz. Katika namba zako utaonekana kwenye 24.5 Hz, palepale panapokaa mzunguko wa mota yetu. Utasema shafti haina mizani, utaifungua pampu, na hutakuta kitu. Wala huwezi kuusafisha baadaye, kwa sababu namba za mtetemo wa kweli na za uongo ni zilezile. Dawa ni kichujio cha umeme kinachokata masafa ya juu kabla ya kibadilishi. Vipimio vya kazi hii huwa nacho ndani. Ukitengeneza chako kwa Arduino, kichujio ni jukumu lako, na ni sehemu ya mwisho kabisa ya kubania fedha.

Kwa kuwa hakuna kichujio kinachokata wima, vipimio vingi huchukua sampuli mara 2.56 ya masafa ya juu yanayotakiwa. Kwa hali ya jumla weka mwisho 1,000 Hz, yaani sampuli 2,560 kwa sekunde. Kwa beringi weka 10 kHz, yaani sampuli 25,600. Kipimo cha pili kinahitaji bolti au gundi ngumu.

Baada ya kuchomeka kihisi, subiri sekunde kadhaa volti zitulie ndipo uanze kurekodi. Kisha tazama mawimbi ghafi kwa macho. Yakiwa yamekatwa bapa juu au chini, kipimo kimejaa na hakifai. Punguza ukuzaji, urudie.

Hatua ya 6: Spektra

FFT, njia ya haraka ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, huyachambua mawimbi na kukuonyesha kila masafa yamechangia kiasi gani. Swali linaloamua manufaa yake ni moja: unarekodi kwa muda gani? Umbali kati ya mstari mmoja wa spektra na wa pili ni 1 gawanya kwa muda wa rekodi. Hakuna njia ya kuukwepa ukweli huo.

Kwa mota yetu jambo hili si la nadharia. Mzunguko mara nne ni 98 Hz. Umeme nao husukuma mwili wa mota mara mbili ya masafa yake, yaani 100 Hz. Kilele cha 98 kinatokana na mitambo na kilele cha 100 kinatokana na umeme, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Ukitumia mistari 400 kutoka 0 hadi 1,000 Hz, hatua yako ni 2.5 Hz na vilele hivyo viwili vitakuwa kimoja. Tumia mistari 3,200: sampuli 8,192 kwa kiwango cha 2,560, rekodi ya sekunde 3.2, hatua ya 0.3125 Hz. Sasa vimeachana kwa zaidi ya mistari sita. Ukibaki na shaka, na msimamizi wa pampu akiruhusu, zimeni umeme huku unatazama: kilele cha umeme hutoweka papo hapo, cha mitambo hushuka pamoja na mwendo wa shafti.

Rekodi haianzi na kuishia mahali pamoja pa wimbi, na kingo hizo zilizokatika humwaga nguvu ya kilele kwenye mistari ya jirani. Kwa hiyo zidisha rekodi kwa dirisha la Hann, mkunjo unaofifisha kingo zote mbili hadi sifuri, linalopewa jina la Julius von Hann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria. Dirisha hili hupunguza ukubwa kwa nusu, basi zidisha matokeo kwa 2. Kilele kikiangukia katikati ya mistari miwili bado kitasomeka pungufu kwa hadi asilimia 15. Ukitaka ukubwa sahihi wa kilele kimoja, kwa mfano unaposawazisha shafti, tumia dirisha la kilele bapa. Kwa kazi nyingine zote baki na Hann.

Chukua wastani wa rekodi nane zinazoingiliana kwa nusu. Kwa sekunde 3.2 kila moja, jumla ni sekunde 14.4. Ukitumia Python, kazi hii yote hufanywa na amri ya Welch ndani ya SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, lakini soma vizuri imekupa nini: mara nyingi ni nguvu kwa kila Hz, si ukubwa wa kilele.

Hatua ya 7: Kutoka mchapuko hadi kasi, na hukumu

Gawanya kila mstari wa mchapuko kwa 2πf yake. Kabla ya hapo futa mistari yote iliyo chini ya 10 Hz (kwa mashine zilizo chini ya mizunguko 600 kwa dakika, anza na 2 Hz). Sababu yake inaonekana kwenye hesabu: kelele iliyopo mstari wa kwanza, 0.3125 Hz, itakuzwa mara 78 zaidi ya ile iliyopo 24.5 Hz. Ukiona spektra ya kasi inaporomoka kutoka mlima mrefu upande wa kushoto, usitafute ugonjwa wa mashine; tafuta kihisi kisichotulia au kebo mbovu.

Kasi ya jumla ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya mistari yote ya RMS. Ukiwa umetumia Hann, gawa jumla hiyo kwa 1.5 kabla ya kutoa kipeuo. Wengi husahau kigawe hicho, na mashine yenye afya huonekana mgonjwa, kwa kuwa kasi yake husomeka juu kwa zaidi ya asilimia 20.

Kiwango cha ISO 10816-3, ambacho familia yake sasa imehamia kwenye namba 20816, huweka mota kama yetu kwenye kundi la kilowati 15 hadi 300. Ikiwa imefungwa kwenye msingi mgumu, hadi 1.4 mm/s ni hali ya mashine mpya, hadi 2.8 inafanya kazi bila wasiwasi, kati ya 2.8 na 4.5 panga matengenezo, na juu ya 4.5 uharibifu unaendelea. Kwenye msingi unaonesa mipaka ni 2.3, 4.5 na 7.1. Pampu zina sehemu yao, ya 7, yenye mipaka tofauti kidogo. Binafsi naogopa zaidi mashine iliyotoka 0.9 hadi 2.2 kwa miezi miwili kuliko iliyokaa kwenye 3 kwa miaka.

Hatua ya 8: Kusoma vilele

Kilele kirefu cha 24.5 Hz kwa mlalo na wima, bila wenzake, mara nyingi ni shafti au impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) iliyokosa mizani. Kilele cha 49 Hz kikiwa na nguvu, hasa pamoja na mtetemo mkubwa wa mwelekeo wa shafti, angalia ulinganifu wa kaplingi. Msururu mrefu wa 24.5, 49, 73.5, 98 na kuendelea huashiria kulegea: bolti za msingi, au beringi inayocheza kwenye nyumba yake. Impela ya mapanga sita itaonekana kwenye 147 Hz, na hiyo ni kawaida hadi iongezeke. Sakafu pana ya kelele isiyo na vilele, pamoja na sauti ya kokoto ndani ya pampu, ni maji yanayochemka kwa shinikizo dogo la kuingilia. Kagua vali na chujio la upande wa kufyonza kabla ya kulaumu beringi.

Hatua ya 9: Beringi

Gololi inapopita juu ya kishimo kwenye ringi, chuma hulia, kama chungu kinavyolia mnunuzi anapokigonga kutafuta ufa. Mlio huo uko kwenye maelfu ya Hz, na hurudiwa kila gololi inapopita. Kinachotambulisha ugonjwa ni kasi ya kurudiwa, si mlio wenyewe.

Chuja mawimbi yabaki, kwa mfano, 2 hadi 8 kHz. Fuata kingo za juu za wimbi lililobaki, kwa hesabu ya Hilbert au kwa kugeuza hasi kuwa chanya na kulainisha. Hiyo ndiyo enivelopu. Fanya FFT ya enivelopu. Vilele vitakavyotokea vilinganishe na masafa ya beringi. Kwa beringi 6205 yenye gololi 9, kishimo cha ringi ya nje hulia mara 3.585 kwa kila mzunguko, na cha ringi ya ndani mara 5.415. Kwenye 24.5 Hz hiyo ni 87.8 na 132.7 Hz. Mota ya kilowati 22 hubeba beringi kubwa zaidi, basi tafuta namba zake kwenye katalogi. Ukikosa, zidisha idadi ya gololi kwa 0.4 kwa ringi ya nje na 0.6 kwa ya ndani, utakuwa karibu. Ringi ya ndani huzunguka na kuingia na kutoka kwenye uzito, hivyo kilele chake huwa na vidogo pembeni, kimoja kila 24.5 Hz.

Kwa mazoezi, Case Western Reserve University ya Ohio imeweka wazi rekodi za beringi 6205 zilizotobolewa makusudi, kwa sampuli 12,000 na 48,000 kwa sekunde. Zipakue, utafute vishimo ambavyo mahali pake panajulikana tayari. Sijui njia bora ya kujijengea imani na hesabu zako.

Mshtuko ni kazi nyingine

Mshtuko, kama kifaa kuanguka au vali kujifunga kwa kishindo, hutokea mara moja na kuisha. Hapa Hann ni sumu, kwani hufifisha mwanzo wa rekodi ambako mpigo wenyewe upo. Acha rekodi bila dirisha, na uhakikishe inaanza na kuisha kwenye utulivu. Weka kizingiti cha kuanzisha rekodi, lakini kipimio kihifadhi pia sampuli zilizotangulia kizingiti. Bila hizo unapoteza mpando wa mpigo. Chukua sampuli angalau mara kumi ya masafa ya juu unayoyajali, kwa sababu sasa unataka urefu halisi wa kilele, si uwepo wake tu. Chagua kihisi chenye nafasi ya mara kadhaa ya mshtuko unaoutarajia. Kwa mipigo mirefu, MEMS hufaa zaidi, kwa kuwa fuwele hupoteza masafa ya chini na kuuacha mpigo na mkia wa uongo chini ya sifuri.

Kila rekodi ya mshtuko ikague kwa intigrali. Mpigo wa umbo la nusu-saini wenye g 50 kwa milisekunde 11, unaotumika sana kwenye majaribio ya vifaa, lazima ubadili kasi kwa 3.4 m/s, sawa na kuanguka kutoka sentimita 60 bila kudunda. Kokotoa eneo chini ya mchoro wako. Ikiwa kifaa kilianguka kutoka sentimita 60 na intigrali yako inatoa 9 m/s, au kasi inaendelea kupanda baada ya kifaa kutulia, kihisi kimehama sifuri yake. Itupe rekodi hiyo, rudi kwenye hatua ya nne, ukifunge upya.